Madoa ya mwanga kwenye picha: kabla hujasema ni jini au kamera mbovu, pita hapa kwanza

FundiPicha wa Mwanga

Wakuu, salaam.

Niko Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga, na kazi inayonilisha ni picha: harusi, maulidi, mahafali, misiba, na picha za pasipoti pale dukani. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna picha ya harusi ya Ujiji inazunguka kwenye magrupu ya huku kwetu. Juu ya bega la mama mmoja mtu mzima kuna duara jeupe, limekoza ukingoni na katikati linapitisha, na pembeni yake kuna viduara vingine hafifu. Watu wameshahukumu. Wanasema mama yule ana vyake. Wengine wamefika mbali, wanataja hadi watoto waliougua mtaani kwake. Mama wa watu hatoki ndani.

Picha ile sikuipiga mimi, ila aliyeipiga amenitumia faili lenyewe, siyo nakala iliyobanwa na WhatsApp, pamoja na picha za kabla na za baada yake. Nimeziangalia kwa utulivu. Duara lile ni vumbi, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Taarifa za ndani ya faili zinaonyesha flashi iliwaka. Shughuli ilikuwa uani, usiku, mwezi wa nane, chini mchanga mkavu, na kina mama walikuwa wanacheza. Aliyekaa Ujiji kiangazi analijua vumbi la pale. Lakini ninachokitegemea zaidi ni hiki: picha iliyopigwa sekunde chache kabla ina duara lake pia, ila liko juu ya keki. Iliyofuata ina mawili, moja kwenye turubai, jingine kwenye mguu wa meza. Mama yuko palepale alipokuwa katika zote tatu. Kilichohama ni chembe zilizokuwa zinaelea mbele ya lenzi.

Sasa chembe isiyoonekana kwa macho inakuwaje duara la ukubwa wa kichwa cha mtu? Mambo mawili yanakutana hapo. Kwanza ni ukaribu. Kamera imelenga watu walioko mita 3, chembe iko sentimita 10 tu kutoka kwenye kioo. Lenzi haiwezi kuifokasi kwa ukaribu huo, kwa hiyo nuru inayotoka kwenye chembe inatanuka na kuwa duara, na duara hilo linachukua umbo la tundu la lenzi. Ndiyo maana kwa baadhi ya kamera utaona lina pembe sita au saba. Ni umbo la vile vipande vyembamba vinavyolibana tundu.

Pili ni nguvu ya flashi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu wa mita 3 yuko mbali mara 30 kuliko chembe ya sentimita 10, na 30 mara 30 ni 900. Chembe inapigwa na mwanga mkali mara 900 kuliko unaomfikia mtu. Hata iwe ndogo namna gani, kwa mwanga huo lazima ing'ae.

Na flashi ikikaa karibu na lenzi, kama ilivyo kwenye simu na kamera ndogo za mfukoni, mwanga unaigonga chembe na kurudi moja kwa moja ndani ya lenzi. Flashi ikiinuliwa juu au ikashikwa pembeni, chembe zilizo usoni kabisa mwa lenzi hazimulikwi, na madoa yanapungua sana. Wanaopiga picha za samaki ndani ya ziwa wanalijua hili kuliko sisi. Wao hufunga taa kwenye mikono mirefu pembeni ya kamera, maana hata maji ya Tanganyika, pamoja na usafi wake wote, yana vitu vinavyoelea.

Anayebisha afanye jaribio leo usiku. Mtu mmoja asimame mita 3, mwingine akung'ute mkeka mbele ya kamera, piga kwa flashi. Rudia mkeka ukiwa chini na hewa imetulia. Kisha kung'uta tena lakini piga bila flashi, kwa taa ya chumbani. Madoa utayaona kwenye ile ya kwanza. Chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi nayo inatoa viduara vizuri sana, na manyunyu ya mvua hivyohivyo. Kumbikumbi wa mvua za kwanza wanatoa maumbo ya ajabu zaidi, kama vijiti vyenye mabawa, kwa sababu wanakuwa wanaruka wakati shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, bado iko wazi.

Leteni picha zenu. Ukileta, sema flashi iliwaka au hapana, sema doa linabaki palepale kwenye kila picha au linahama, na sema kama bado lipo ukiifungua picha hiyo kwenye simu ya mtu mwingine. Hilo la mwisho msilidharau. Watu wanakuja dukani wakilalamikia kamera, kumbe doa liko kwenye skrini na picha yenyewe ni safi.

Mzee wa Kwihara

Kijana, umeeleza vizuri, ila sisi watu wazima tumeona mengi. Viumbe tusivyoviona vipo, vitabu vya dini vimesema. Huwezi kutuhakikishia wewe na kamera yako kwamba kila duara ni vumbi.

FundiPicha wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu.

Sijasema kila duara ni vumbi, ndiyo maana nimeweka yale maswali. Wala imani ya mtu sijaigusa, mimi mwenyewe ni mtu wa swala. Nasema jambo dogo zaidi ya hapo: duara ninaloweza kulitengeneza kwa mkeka, likatokea ninapokung'uta na likapotea ninapoacha, haliwezi kuwa ushahidi wa kumtenga mama wa watu na ukoo wake.

Na picha za namna hii zimewaumiza watu tangu zamani. Marekani, miaka ya 1860, mpiga picha wa Boston aitwaye William Mumler alikuwa akiuza picha ambazo nyuma ya mteja inaonekana sura hafifu ya marehemu. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu. Wapiga picha wenzake walikwenda mahakamani kueleza njia za kuitengeneza sura kama hiyo, mojawapo ikiwa kutumia bamba la kioo, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa filamu, likiwa tayari limeshapigwa picha nyingine. Mwisho aliachiwa, ushahidi haukutosha kumtia hatiani. Wamarekani walikuwa wametoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha 1865, kila mtaa una wafiwa. Mimi nikiisoma habari hiyo nawafikiria hao wafiwa waliotoa pesa zao.

Mzee wa Kwihara

Marahaba. Hapo kwenye kumtenga mtu na ukoo nakuunga mkono kabisa. Huo mkeka nitaukung'uta, na nitamwita mwanangu apige.

Binti wa Gungu

Kaka naomba na mimi unisaidie. Mimi flashi situmii kabisa. Kila nikipiga picha jua linapozama ziwani, panatokea kidoa cha kijani. Nikisogeza simu na chenyewe kinasogea, kama kinanikimbia. Picha za mchana wala haina shida. Simu nimeinunua juzijuzi na muuzaji anasisitiza ni nzima.

FundiPicha wa Mwanga

Dada, muuzaji hajakudanganya. Huku kwetu jua linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mtu wa Kigoma akipiga picha ya jioni anakuwa analielekea jua uso kwa uso. Hapo ndipo mwanga unapoanza kurukaruka ndani ya lenzi.

Fungua picha yako moja. Tafuta jua liko wapi, kisha vuta mstari kutoka kwenye jua ukipita katikati kabisa ya picha. Kidoa utakikuta upande wa pili wa mstari huo, umbali uleule. Jua likiwa juu kulia, kidoa kiko chini kushoto. Ndiyo maana ukisogeza simu kinakwenda kinyume na jua. Vumbi haliwezi kufanya hivyo, na ugonjwa wa simu hauwezi kufanya hivyo. Hata taa za barabarani na za magari usiku zinakitoa.

Kinachotokea ni kwamba lenzi ya simu ni vipande kadhaa vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Ukiwa na nyuso kumi na zaidi, mwanga unaorudishwa nyuma na kurudi tena mbele ni mwingi. Mwaka 1935 mwanafizikia Alexander Smakula, akiwa kampuni ya Zeiss kule Ujerumani, aligundua namna ya kuupaka uso wa lenzi utando mwembamba mno unaopunguza urudishaji huo, na lenzi za siku hizi karibu zote zina utando wa aina hiyo. Unapunguza sana, lakini hauumalizi, na kwa jua linalotazama lenzi moja kwa moja hata mabaki yake yanaonekana. Rangi ya kidoa nayo inatoka hapo, kwa sababu utando hauzuii rangi zote kwa kiwango kimoja.

Dawa yake ni kukaa vizuri. Lifiche jua nyuma ya shina la mchikichi au tanga la mtumbwi, liwe linachungulia kidogo tu. Au liweke katikati ya picha, kidoa kitaangukia juu ya jua lenyewe kisionekane. Jua likiwa nje kidogo ya picha, kinga lenzi kwa kiganja. Na kabla ya yote futa kioo kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole hayaleti kidoa cha kijani, yanaleta michirizi mirefu inayotoka kwenye taa, na michirizi hiyo watu wengi wanaidhania ni kasoro ya kamera.

Wenye kamera kubwa, kama umefunga kile kioo cha kukinga lenzi mbele, kivue unapopiga taa za usiku. Kipo tambarare, kinarudisha sura ya taa ikiwa imepinduka juu chini.

Binti wa Gungu

Nimefungua picha tano, zote kidoa kiko kwenye mstari kama ulivyosema! Asante sana kaka.

Kijana wa Bangwe

Mkuu, mimi yangu ni tofauti na zote hizo. Napanda mlimani usiku kupiga ziwa na nyota. Kamera iko kwenye stendi, shata nafungua sekunde 30, ISO (kipimo cha kukuza mwanga ulioingia kwenye kamera) nimeweka 3200. Napata vidoti vyekundu, vya bluu na vyeupe. Mwanzo nilisema ni nyota, lakini vipo hadi kwenye sehemu ya mlima ambako hakuna kitu. Halafu kwenye upeo wa maji kuna mstari wa madoa ya njano na meupe. Flashi hakuna, taa mbele hakuna. Nimeshafikiria kuiuza.

Mvuvi wa Katonga

Hayo ya njano na meupe kwenye maji ni sisi! Tunavua dagaa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai tupu, sasa hivi wengi wana taa za betri na sola, ndiyo maana unaona nyingine ni nyeupe kali. Ukipiga mwezi ukiwa mpevu utakuta maji meusi, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa mbalamwezi ikiwa kali, na wengi tunapumzika siku hizo. Piga gizani utatuona hadi huko mbali kabisa.

FundiPicha wa Mwanga

Mvuvi amemaliza nusu ya kazi, nashukuru sana ndugu. Uthibitisho wake ni rahisi: piga picha mbili, moja sasa na nyingine baada ya robo saa. Taa za mitumbwi zitakuwa zimesogea.

Vile vidoti vyenye rangi ni habari nyingine, na usiuze kamera kwa sababu yake. Hizo ni pikseli moto. Sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, ina mamilioni ya vijishimo vya kupokea mwanga, ndizo pikseli zenyewe, na kila kimoja huvuja umeme kidogo hata kukiwa na giza totoro. Vichache vinavuja zaidi ya wenzake. Kwa picha ya mchana, shata inayofunguka sehemu ndogo ya sekunde, mvujo huo haupati muda wa kuonekana. Ukifungua sekunde 30 unajikusanya, na ISO 3200 inaukuza. Joto ndilo linaloharibu zaidi: kwa makadirio ya kawaida, kila sensa inapopanda nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi mvujo unakuwa maradufu. Kamera iliyoshinda kwenye buti la gari juani kisha ikapandishwa mlimani jioni itakuonyesha vidoti vingi kuliko iliyokaa kivulini.

Rangi nazo zina sababu. Sensa yenyewe haijui rangi. Juu ya kila pikseli kuna kichujio kidogo, nusu ya vyote ni kijani, robo nyekundu na robo bluu, mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliubuni miaka ya 1970. Pikseli moto ikiwa chini ya kichujio chekundu, kamera inasoma kwamba pale pana wekundu mkali. Nyota haina kidoti chekundu kilichokolea cha pikseli moja. Ikuze picha yako hadi mwisho: nyota imetanuka na imevutika kidogo kwa sababu dunia inazunguka, kidoti cha pikseli moto kina ukingo mkali na hakijavutika hata kidogo.

Jaribio la kukata mzizi wa fitina: funika lenzi kwa kifuniko chake, ingia chumba chenye giza, piga sekunde 1, kisha 10, kisha 30, ISO ileile. Mwanga wa nje haupo kabisa hapo. Vidoti vikitokea, na vikawa sehemu zilezile kama kwenye picha za mlimani, umeshapata jibu. Kikitokea kidoti au kistari kwenye picha moja tu na kisirudi tena, kinaweza kuwa chembe ya mionzi kutoka angani iliyoipiga sensa. Hiyo nayo ipo, iache ilivyo.

Kuviondoa: kamera nyingi zina chaguo la kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Ukiliwasha, ukimaliza kupiga sekunde 30 kamera inapiga nyingine ya sekunde 30 shata ikiwa imefungwa, kisha inatoa vile vidoti kwenye picha yako. Usubiri, usiizime ukidhani imekwama. Baadhi ya kamera zina pia kipengele cha kuzikagua pikseli zote na kuziorodhesha mbovu ili zirukwe, soma kitabu chake.

Dj wa Kibirizi

Naongezea kidogo. Sisi wa kumbi, taa za leza ni hatari. Jamaa yangu alirekodi muziki, leza ikapita kwenye lenzi, tangu siku hiyo ana doa na mstari kwenye kila video.

FundiPicha wa Mwanga

Kweli kabisa. Doa la leza ni kidonda cha kudumu kwenye sensa, lipo usiku na mchana, muda mrefu na mfupi. Hapo ni kubadilisha sensa tu. Leza ikianza kuzunguka ukumbini, geuza kamera.

Na ambaye doa lake ni jeusi, la kijivu, linaonekana kwenye mawingu ukibana tundu la lenzi likawa dogo sana, f/16 au f/22, hilo ni vumbi juu ya sensa. Pampu ya mpira ya kupuliza inatosha mara nyingi. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda humo.

Mwalimu wa Isevya

Habari za kazi ndugu yangu. Sisi hapa Tabora picha zetu za mahafali tunapiga chini ya miembe, kivuli kipo kingi. Ila kila mwaka nyuso za watoto zinatoka na viduara vyeupe, na mashati hivyohivyo. Mpiga picha ni yuleyule, kamera amebadilisha, viduara havikuisha. Wazazi wanasema ametuharibia.

FundiPicha wa Mwanga

Habari nzuri mwalimu. Swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu viduara hivyo vipo kweli. Havikuzaliwa ndani ya kamera. Hata macho yako yaliviona siku ile, ila ubongo umevizoea.

Kila upenyo mdogo kati ya majani ya mwembe unafanya kazi ya kamera ya tundu. Mwanga wa jua ukipita kwenye upenyo, unachora chini sura ya jua lenyewe. Upenyo unaweza kuwa wa pembe tatu au umechanika vyovyote, chini utapata mviringo, kwa sababu jua ni mviringo. Na unaweza kupima. Upana wa kiduara ni kama sehemu moja ya 100 ya umbali kutoka kwenye upenyo. Majani yakiwa mita 5 juu, kiduara kina kama sentimita 5. Kikiangukia shavuni kwa mtoto kinameza shavu zima.

Siku jua lilipopatwa, Septemba 1, 2016, watu walikusanyika Rujewa kule Mbeya kuona pete kamili, na sehemu kubwa ya nchi jua lilimegwa likabaki kama hilali. Chini ya miti siku hiyo viduara vyote viligeuka vihilali. Hicho ndicho kithibitisho kwamba kila kimoja ni picha ya jua. Wanafunzi wako wa fizikia wapeleke nje saa sita na kipande cha karatasi nyeupe, watoboe boksi kwa msumari, walione jua kwenye karatasi. Wasilitazame jua lenyewe.

Kuhusu mahafali: wapange watoto upande ambao kivuli ni kizito, kama vile cha jengo, miembe ibaki nyuma yao. Au wapigwe asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Kama lazima iwe chini ya mwembe, watu wawili washike shuka jeupe juu ya vichwa, nje ya picha. Mwanga unatawanyika na viduara vinafutika. Na mpiga picha wenu asilaumiwe kwa kamera. Mwambieni tu abadilishe mahali.

Mama Studio

Mimi nina sanduku la mikanda ya picha (negativu) ya marehemu mume wangu, alikuwa na studio hapa Tabora tangu zamani. Wajukuu wameanza kuzihamishia picha zake kwenye kompyuta kwa kuziskani. Nyingi zina vidoti vyeupe, na mkanda mmoja una mwali mwekundu pembeni mwa picha kadhaa. Je, zimekufa? Nisingependa zitupwe.

FundiPicha wa Mwanga

Shikamoo mama, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Hazijafa, na tafadhali asizitupe mtu yeyote.

Vidoti vyeupe vidogo vyenye ukingo mkali kwa kawaida ni vumbi lililokaa juu ya mkanda wakati wa kuskani. Kwenye mkanda rangi ziko kinyume. Chembe inapouziba mwanga, mashine inapageuza kuwa peupe. Waambie wajukuu wapulize kwa ile pampu ya mpira, wafute kioo cha skana, waskani tena. Kidoti kikihama au kikipotea, kilikuwa vumbi. Kikibaki sehemu ileile kwenye kila mkanda, uchafu uko kwenye kioo cha mashine. Kikibaki kwenye mkanda huohuo peke yake, angalieni kwa kioo cha kukuzia: inawezekana ni mkwaruzo au kuvu. Kuvu ina nyuzinyuzi kama mizizi. Msioshe kwa maji, kuvu inailainisha ile tabaka ya picha na maji yataiondoa. Mkanda wenye kuvu utengwe na mingine na uwekwe pakavu.

Mwali mwekundu ni mkanda ulioungua, maana yake mwanga uliingia kwenye kamera kwa njia isiyo ya lenzi. Mlango wa nyuma wa kamera za zamani una sponji nyeusi inayoziba, na sponji hiyo ikizeeka inageuka kama lami na kuacha mwanya. Wekundu unatokea kwa sababu mwanga umeingia kwa mgongo wa mkanda, na kwenye mkanda wa rangi tabaka la kwanza kukutana nalo kutoka mgongoni ni lile linalopokea nyekundu. Ukiuinua mkanda wenyewe kwenye dirisha, angalia kingo zenye matundu: kama alama inavuka nje ya fremu hadi kwenye matundu, ni mwanga wa kuvuja. Mwanga unaopitia kwenye lenzi hauwezi kutoka nje ya fremu.

Mwali huo huwezi kuufuta kwenye mkanda, ila sura za watu zikiwa hazijamezwa, kijana anayejua kuhariri atazirudisha kwa kiasi kikubwa. Askani kwa ubora wa juu kabisa, ahifadhi ile nakala isiyoguswa, kazi aifanye kwenye nakala ya pili.

Mama Studio

Marahaba mwanangu. Nimeushika mkanda dirishani sasa hivi. Alama inafika hadi kwenye matundu. Kamera yenyewe ninayo, sponji imeganda kweli na inanata vidoleni.

FundiPicha wa Mwanga

Basi ndiyo yenyewe mama. Sponji mpya zinakatwa na kubandikwa, gharama yake ni ndogo. Ile ya zamani itolewe kwa kijiti cha mbao na spiriti kidogo, taratibu, isidondokee kwenye pazia la shata.

Mwenye Duka Kiloleni

Wakuu, nimeusoma uzi wote. Mimi ni kamera ya ulinzi dukani. Kuanzia saa tano usiku kuna kitu cheupe cha mviringo kinapita mbele ya geti, kinasimama, kinapanda juu, kinarudi. Mlinzi ameona kwenye skrini na sasa anataka kuacha kazi. Anasema akitoka nje na tochi haoni kitu. Mchana hakuna chochote.

FundiPicha wa Mwanga

Mlinzi wako anasema kweli, akitoka haoni kwa sababu mwanga unaokimulika kitu hicho macho yake hayaupokei. Kamera hizo usiku zinawasha taa za infraredi zilizozunguka lenzi, nyingi za urefu wa wimbi wa nanomita 850. Sensa inauona mwanga huo, mtu anaona labda wekundu hafifu kwenye vitaa vyenyewe. Kwa hiyo unayo ileile hali ya flashi iliyokaa karibu na lenzi, tena inawaka usiku kucha. Mdudu akipita sentimita chache mbele anakuwa mpira mweupe. Na buibui wanapenda sana kujenga pale, kuna ujoto na wadudu wanakusanyika. Uzi mmoja wa utando ukiyumba na upepo unaonekana kama kitu kinachokuja na kurudi. Nakisia hicho kinachosimama na kupanda ni buibui mwenyewe.

Fanya hivi na mlinzi awepo aone. Panda ngazi mchana, futa kamera yote kwa brashi laini, pamoja na paa la juu yake. Usiku mkae wawili kwenye skrini. Kisha atoke nje, apitishe ujiti wa ufagio mbele ya lenzi kwa karibu. Utatokea mweupe na mnene.

Mwenye Duka Kiloleni

Tumefanya. Utando ulikuwepo, mkubwa, na buibui wawili. Ujiti wa ufagio umetokea kama nguzo ya umeme! Mlinzi amecheka, amerudi lindo. Usiku wa jana wamepita nondo tu, kwa haraka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia ni nondo.

FundiPicha wa Mwanga

Safi sana mkuu. Utando utarudi, hasa mvua zikianza, kwa hiyo mpe mlinzi ile brashi afute kila wiki. Ukipata nafasi, nunua taa ya infraredi ya kujitegemea uifunge mita moja au mbili kutoka kwenye kamera, kisha zima zile za kwenye kamera yenyewe kama mipangilio inaruhusu. Mdudu akipita mbele ya lenzi hatamulikwa tena kwa karibu, na mipira meupe itapungua sana.